Ncha Mbili za Kebo ya Bluu

Kama gazeti la wiki iliyopita mlilifutia vioo vya madirisha, nawasamehe. Hata mimi haya maisha yangu ningeyafutia vioo. Nitarudia kwa kifupi, kisha mniache nijidhalilishe kwa utaratibu.

Mimi ndiye yule bwana mdogo anayetafuta cheti cha mitandao ya kompyuta. Mara ya kwanza nilifeli kwa sababu niliona maswali ni mepesi mno, nikatoka katikati ya muda huku napiga mluzi. Mara ya pili nilifeli kwa sababu nilibishana na maswali. Jaribio la tatu ndilo la mwisho. Ukianguka hapo, unakaa nje miaka miwili. Na kampuni ya intaneti iliyoahidi kuniajiri ilishasema: mwisho wa mwezi ukifika sina cheti, nafasi anapewa mwingine.

Aliyenifikisha kwenye jaribio la tatu ni shangazi, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu. Anafanya usafi katika kituo cha mafunzo. Alimfuata mwalimu wa kituo siku tatu mfululizo, ndoo mkononi, mpaka yule bwana akakubali kunipokea ili tu aachiwe njia apite.

Sasa niwajulishe darasa, ingawa halistahili.

Mwalimu tulimwita Itifaki. Itifaki, kwa msiojua, ni makubaliano ya namna kompyuta zinavyozungumza: nani aanze, nani ajibu, wasipoelewana wafanyeje. Yeye mwenyewe hakuwa na makubaliano na mtu yeyote. Alikatiza kila anayesema, alijibu maswali ambayo hayajaulizwa, na akizidiwa alisema, "Hiyo inategemea itifaki." Projekta ikigoma, inategemea itifaki. Chai ikipoa, itifaki.

Mwingine ni Fundi Redio. Mzee wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa waya sikioni, ametengeneza redio za watu maisha yake yote mpaka watu wakaacha kuwa na redio. Kila akinyoosha mkono alianza hivi: "Samahani, nina swali la kijinga."

Nami nilikuwa namwitikia chinichini, "Tunalitegemea."

Darasa linaangua kicheko. Nilikuwa mchekeshaji wa darasa. Kwa kazi hiyo hawatoi cheti.

Siku ya somo la swichi ndiyo ninayotaka mwikumbuke. Itifaki aliinua kile kisanduku chenye matundu ishirini na manne, akasema kila kompyuta huchomeka kebo yake kwenye tundu lake, na swichi hujifunza nani yuko wapi. Ujumbe wa fulani hupelekwa kwa fulani tu.

"Samahani," Fundi Redio akanyoosha mkono. "Na kama swichi haijui huyo fulani yuko tundu gani?"

"Inapiga kelele kwenye matundu yote. Mwenye ujumbe ajitokeze."

"Sasa, nina swali la kijinga."

"Tunalitegemea," nikasema.

"Kebo moja, ncha hii nikaichomeka kwenye swichi, na ncha ile nikaichomeka kwenye swichi hiyohiyo. Ile kelele si itatoka huku irudi kule, itoke tena, irudi tena?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Mzee, nani mwenye akili zake atachomeka ncha zote mbili mahali pamoja? Hiyo ni kama kujipigia simu halafu ushangae namba inatumika!"

Wote wakacheka. Itifaki akacheka. Akasema swichi za kisasa zina kinga ya jambo hilo, na kuhusu za zamani kama ile ya kituo, "inategemea itifaki." Akafunga daftari.

Mlangoni, shangazi alikuwa anapiga deki. Yeye hakucheka.

Jioni ile nyumbani, anakuna sufuria, akaniuliza, "Yule mzee alijibiwa?"

"Nani?"

"Wa kebo ya ncha mbili. Mbona mlicheka tu, hamkumjibu?"

"Shangazi, wewe sugua sufuria."

Alisugua. Halafu, bila kuinua kichwa, akanihoji tabaka saba za mtandao kuanzia chini kwenda juu. Alikuwa amezishika zote kwa kusikiliza mlangoni. Mimi nilikwama kwenye ya tano, nikamwambia anavuruga mpangilio wangu.

Basi. Siku ya mtihani nikafika nimechelewa kwa dakika tatu, kwa sababu watu wenye uhakika hawakimbii. Msimamizi alikuwa mwanamke mwembamba aliyetumwa na bodi ya mitihani, sauti ndogo, macho ya mkaguzi wa tiketi. Akanisukumia karatasi ya masharti.

"Soma, utie saini."

"Nimeshasoma mara mbili miaka iliyopita, madamu."

"Soma sharti la sita."

Nilisoma kwa jicho moja. Mtahiniwa hataruhusiwa kugusa kifaa chochote cha mtandao wa kituo; atakayegusa atafutiwa mtihani. Kalamu nyeusi ilikuwa imekwisha wino kwa waliowahi. Akanipa yake nyekundu, ya kusahihishia. Ikavuja. Nikatia saini, na kidole gumba changu kikatoka kama nimechinja kuku.

Tulikuwa kumi na wawili. Maswali sitini. Mtihani unatoka kwenye seva ya bodi, unapita kwenye intaneti, unaingia kwenye ruta ya kituo, unashuka kwenye swichi, unafika kwenye skrini yako. Mnyororo mzima huo, na kila pete yake niliijua kwa jina. Niliyajibu ya mwanzo thelathini kama ninayefukuza nzi.

Anwani ya IP ni nini? Mnaniuliza mimi? Ni namba ya kompyuta ndani ya mtandao, kama namba ya nyumba mtaani. Ukihama mtaa inabadilika. Anwani ya MAC? Hiyo ni ya kuzaliwa nayo, imechongwa kwenye kifaa kiwandani, hata uhame mara mia. Nikamtazama Fundi Redio meza ya pili. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Nikamhurumia kwa ile huruma inayompendeza zaidi anayehurumia.

Saa nne na nusu kengele ya mapumziko ikalia, dakika kumi. Skrini zikajifunga. Swali la thelathini na moja lilikuwa limeshaingia, sikuwahi kulisoma.

Nikatoka ukumbini. Sasa hapa ndipo ninapotaka mnitemee mate.

Kabati la mitambo liko kwenye korido, na mlango wake huwa wazi kwa sababu feni yake ilikufa. Shangazi alikuwa hapo na ndoo yake, glavu za mpira mpaka kwenye viwiko, anazunguka kebo moja ya bluu iliyoning'inia mpaka sakafuni.

"Baba, njoo," akaninong'oneza. "Hii waya imeanguka. Nikipiga deki italowa. Na mwalimu kanikataza kugusa humu."

"Shangazi, siyo waya. Ni kebo."

"Haya, kebo. Nimwite mwalimu?"

"Itifaki? Huyo akija utasimama hapa mpaka Jumapili." Nikaiokota. Ncha yake nyeupe ilikuwa nzima, haina kasoro. Juu yake, swichi. Kwenye swichi, tundu tupu karibu na mkono wangu. Hata mtoto wa chekechea angeona kitu gani kimetoka wapi. "Ilichomoka tu. Tazama mtaalamu."

"Ngoja. Umeangalia ncha yake ya pili inaishia wapi?"

Nilimcheka, wasomaji. Nilimcheka mwanamke aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

"Wewe piga deki, mambo ya ncha niachie mimi."

Nikaichomeka. Ikalia *tik*, tamu kama kuvunja biskuti. Taa ya kijani ikawaka. Nikapuliza vidole kama mpiga bunduki wa kwenye filamu, nikarudi ndani.

Skrini zikafunguka pale tulipoziacha. Swali la thelathini na moja:

*Fundi amechomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi moja isiyo na kinga ya vitanzi. Nini kitatokea?*

Nililisoma. Nikatabasamu. Nikalisoma tena. Tabasamu likaanza kuteremka lenyewe kama soksi iliyolegea.

Nilichagua C: *dhoruba ya matangazo, ujumbe utazunguka bila kikomo mpaka mtandao wote usimame.* Nikabonyeza Endelea.

Kiduara kikaanza kuzunguka.

Kikaendelea kuzunguka.

"Madamu," mtu akasema nyuma, "yangu imeganda."

"Na yangu."

"Na yangu pia, jamani!"

Meza kumi na mbili, viduara kumi na viwili, vyote vinazunguka kwa unyenyekevu. Nadhani mimi ndiye mtahiniwa wa kwanza duniani kupewa swali pamoja na maonyesho yake.

Msimamizi akatazama saa ya ukutani. "Seva ya bodi ikikosa kituo kwa nusu saa, kikao kinafutwa. Wote mtahesabiwa mmekosa jaribio hili. Mwalimu aitwe."

Itifaki alikuja mbio, shati limechomoka upande mmoja. Akazima ruta, akawasha ruta. Akaipigia simu kampuni ya intaneti akawatukana, nao wakamwambia kwao kuko sawa. Akazima ruta tena, maana mara ya kwanza labda hakuizima kwa heshima. Dakika kumi na mbili zikaenda hivyo. Kisha akaona sakafu ya mbele ya kabati inang'aa maji, na uso wake ukapata nafuu ya mtu aliyeona mahali pa kutupia mzigo.

"Mama! Nani alikuwa hapa?"

Sisi tulikuwa tumesimama mlangoni, shingo zimerefuka. Shangazi alisimama na tambara la deki, maji yanatiririka kwenye glavu.

"Nilikuwa mimi, mwalimu. Napiga deki."

"Umegusa humu ndani?"

Akanitazama. Si kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia kama jiko limezimwa.

"Nimegusa," akasema.

Ninawaungamia: nilivuta pumzi. Sikuvuta ya uchungu. Ilikuwa ile pumzi ya abiria aliyeona mkaguzi wa tiketi amempita.

"Sikukukataza? Umegusa wapi?"

Shangazi hakuzoea kusema uongo. Akanyoosha kidole kwenye kebo ya kwanza iliyo karibu, ya kijivu, isiyo na kosa lolote. Itifaki akaichomoa kwa ghadhabu. Ndani hakuna kilichobadilika, viduara vikaendelea, ila saa ya mahudhurio ukutani ikatoa mlio ikafa.

"Zimebaki dakika kumi na tano," akasema msimamizi.

"Samahani." Alikuwa Fundi Redio. "Nina swali la kijinga."

Safari hii hakuna aliyeitikia.

"Madamu, nimetia saini kwamba sitagusa. Je, naruhusiwa kutazama?"

"Tazama. Mikono nyuma."

Akaenda, mikono nyuma kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Akainama mpaka miwani ikakaribia kugonga swichi.

"Taa zote zinapepesa pamoja," akasema polepole. "Matundu yote, kwa pamoja, kwa kasi. Hapa kila mtu anapiga kelele na hakuna anayesikiliza. Mwalimu, hili ndilo lile swali langu mlilolicheka." Akafuata kebo moja moja kwa macho, midomo inahesabu. Akasimama kwenye ya bluu. "Hii hapa. Imetoka humu, imeingia humuhumu. Naomba ruhusa ya kuchomoa, madamu."

"Chomoa."

Akachomoa. Akabaki ameshika ile ncha mkononi.

Ndani, kama watu walioambiwa waamke, skrini moja ikalia, ya pili, ya tatu. Watu wakashangilia, wakakimbilia viti. Mimi miguu yangu ilibaki koridoni. Kupitia mlangoni niliiona meza yangu: swali la thelathini na mbili limeingia, saa ya pembeni inateremka.

Msimamizi akafungua faili lake. "Ninaandika ripoti. Kebo ilichomekwa na nani?"

"Ameshakiri," Itifaki akamwonyesha shangazi kwa kidevu. "Mama, vua sare. Usirudi kesho."

Shangazi akaanza kufungua vifungo vya aproni, glavu zikimsumbua, vifungo vinateleza. Cha kwanza. Cha pili. Hakuniangalia, na ndiyo maana sikuweza kutazama pengine.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba hata nikatamani kuikana.

"Nini?" akasema msimamizi.

"Mimi ndiye niliyechomeka. Wakati wa mapumziko. Yeye alinizuia."

"Mwongo huyu!" Shangazi akaja juu kama nimemwibia. "Madamu, usimsikilize, huyu ni mtoto wa kaka yangu, ananionea huruma. Mtu asiyeweza hata kukunja shuka! Nimegusa mimi, na adhabu ni yangu."

"Shangazi, nyamaza."

"Nyamaza wewe! Rudi ndani ukafanye mtihani wako!"

Msimamizi akaweka kalamu yake nyekundu juu ya faili. Kwa mara ya kwanza alionekana anafurahia kazi yake.

"Wawili wanakiri kosa moja. Sawa. Aliyechomeka anajua alichomeka wapi. Kijana, tundu namba ngapi?"

Nikatazama swichi. Matundu ishirini na manne, na sasa matano yalikuwa tupu. Kila moja na namba yake ndogo nyeupe, niliyopita juu yake kama mtu anayekanyaga zulia la watu. Nilichomeka lililo karibu. Namba? Mtaalamu aangalie namba ya nini?

"Kumi na... nane," nikasema. "Au lile la pembeni yake. La juu. Yaani pale pale katikati."

Itifaki akacheka puani. Kicheko kile kilikuwa changu, yeye alikiazima tu.

"Mama?"

"Ishirini na moja," shangazi akasema, bila kugeuza shingo. "Na ncha ya pili iko namba tatu, kule chini kushoto, imepita nyuma ya ile rafu. Ilikuwa pale tangu mwezi uliopita, mwalimu aliitumia kujaribia kitu akaiacha."

Itifaki akakohoa, akakagua rafu kana kwamba kuna mtu mwingine anayeitwa mwalimu. Fundi Redio akainama, akatazama.

"Ishirini na moja," akathibitisha. "Na tatu. Ni kweli tupu."

Basi mmenisikia. Mwenye kosa hajui alichokosea, na asiye na kosa analijua mpaka namba. Shangazi aliangalia ncha zote mbili. Aliniuliza nami niangalie. Mtihani wa mitandao kituoni pale siku ile aliyeufaulu ni mmoja, na hakuwa na namba ya mtahiniwa.

"Imetosha," akasema msimamizi, akaokota kalamu. "Kijana, moyo wako ni mzuri, kichwa chako sijui. Rudi ukamalize. Una dakika thelathini na nane."

Na hapa ungamo lenyewe, lile nililolikwepa tangu aya ya kwanza: nilifurahi. Nilikuwa nimesema ukweli, ukweli umekataliwa rasmi na bodi ya mitihani, sasa mnataka nifanyeje? Nimlazimishe mtu aniamini? Nikageuka. Nikapiga hatua moja kuelekea mlangoni, ya pili. Nyuma yangu nikasikia kifungo cha mwisho cha aproni kikifunguka, na kalamu nyekundu ikianza kukwaruza karatasi.

"Samahani."

Miguu yangu ikaganda kama skrini.

Fundi Redio alikuwa bado ameshika ile kebo ya bluu. Ameinua ncha yake nyeupe, sasa ina doa jekundu, kwenye mwanga wa dirisha, ameisogeza karibu na miwani, anaigeuza taratibu. Akatazama glavu za shangazi, za mpira, zinazodondosha maji. Akatazama kalamu ya msimamizi. Kisha akatazama mkono wangu wa kulia, ambao bila kuambiwa na mtu ulikuwa unajificha mfukoni.

"Madamu, usiandike kwanza," akasema. "Nina swali la kijinga."